Gesi haiishi, inavuja: safari ya AC ya gari mpaka Nyarugusu

Wadau, kuna sentensi moja ambayo kila mwenye gari hapa nchini ameshaisikia, na hata asiye na gari ameisikia akiwa amekaa kwenye gari la rafiki yake huku jasho linamtiririka: "Gesi imeisha." Nimeisikia Dar, nimeisikia Mwanza, nimeisikia Kahama, na nimeisikia Nyarugusu mara nyingi kuliko kwingine kote. AC inapuliza hewa ya moto, unaenda kwa fundi, fundi anainama sekunde kumi, anainuka na jibu. Gesi imeisha. Unalipa, anajaza, unaondoka unapigwa baridi safi kabisa. Baada ya miezi miwili au mitatu unarudi. Gesi imeisha tena.

Naomba niseme mapema ninachoamini ili tusipotezeane muda. Gesi ya AC haiishi. Siyo petroli, haiungui. Siyo chumvi, hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mzunguko ule ule mwaka baada ya mwaka. Ikipungua maana yake imetoka, na kama imetoka basi kuna mahali ilipotokea. Ni kweli hata gari zima hupoteza gramu chache kila mwaka kupitia mipira na sili za kompresa, kwa hiyo gari la miaka mingi kuongezewa kidogo siyo ajabu. Lakini gari linalojazwa kila baada ya miezi miwili halina tatizo la kuishiwa gesi. Lina tundu.

Sasa swali langu la leo siyo la ufundi tu. Ni la historia. Ilikuwaje dunia nzima, siyo sisi peke yetu, ikazoea kujaza kitu kinachovuja bila kutafuta kinapovujia? Jibu nililolipata linaanzia Marekani, linapita anga ya Antaktika, linarudi mpaka Kigali, na linaishia kwenye vumbi la Geita.

Kwa wale wasiofahamu, Nyarugusu ninayoisema siyo ile ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Kigoma. Hii ni ya Geita, kwenye ukanda wa dhahabu, wilaya ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza, kabla Geita haijawa mkoa unaojitegemea. Ni mji wa wachimbaji wadogo: maduara, karasha zinazosaga mawe usiku na mchana, mialo ya kuoshea, na watu waliotoka kila kona ya nchi. Kazi yangu ya uandishi hunifikisha huko mara kwa mara. Na kama umewahi kwenda kiangazi unajua ninachokwenda kusema: vumbi. Vumbi jekundu la barabarani, vumbi la kijivu la mawe yaliyosagwa. Ukifungua kioo cha gari unalila, ukikifunga bila AC unaiva. Kwa madereva wa michomoko na magari ya kukodi kule, AC siyo anasa ya mabosi. Ni sehemu ya kazi, na kila shilingi ya "gesi imeisha" inatoka kwenye hesabu ya siku.

Tuanze na ubaridi wenyewe. Nesi anapokupaka spiriti kabla ya sindano, ngozi inahisi baridi. Mtungi wa udongo wa bibi unapoza maji bila umeme. Yote mawili ni jambo moja: kimiminika kikigeuka mvuke huondoka na joto. AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inabana gesi mpaka inakuwa ya moto na yenye presha kubwa. Gesi inapita kwenye kondensa, ile rejeta nyembamba iliyo mbele kabisa ya gari, inapulizwa na upepo, inapoa na kugeuka maji. Maji hayo yanapita kwenye kitundu chembamba cha valvu, presha inashuka ghafla, na yanapoingia kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi yanageuka mvuke tena na kunyonya joto la hewa ya ndani ya gari. Halafu mvuke unarudi kwa kompresa. Basi. Huo ndio uchawi wote.

Gari la kwanza kuuzwa na mtambo wa namna hii kutoka kiwandani lilikuwa Packard ya Marekani, lililoonyeshwa Chicago mwaka 1939 kama toleo la 1940. AC peke yake iliongezwa bei ya dola 274, pesa nyingi sana kwa wakati ule. Evaporeta ilikaa nyuma karibu na buti, na kichekesho ni kwamba haikuwa na namna ya kuizima kompresa. Ukitaka isizunguke kabisa ulisimamisha gari, ukazima injini, ukafungua boneti na kuvua mkanda! Packard wakaiacha baada ya 1941. Ilibidi isubiriwe Nash, mwaka 1954, kuweka mfumo mzima mbele ya gari pamoja na klachi ya umeme kwenye kompresa. Mpangilio ule kimsingi ndio uliopo mpaka leo kwenye magari mengi ya petroli yanayopita Nyarugusu.

Lakini habari yenyewe ipo kwenye gesi.

Majokofu ya mwanzo yalitumia amonia, dioksidi ya salfa na methili kloridi. Gesi hizi zilikuwa na sumu, na kulikuwa na familia zilizokufa usingizini kwa sababu jokofu lilivuja. Hata hivyo mbili za kwanza zilikuwa na uaminifu wa aina yake: zilinuka. Amonia ikivuja huhitaji geji, pua inakuambia na macho yanatoka machozi. Chombo cha kwanza cha kugundua hitilafu kilikuwa pua ya mwenye nyumba.

Mwaka 1928 mhandisi wa Marekani Thomas Midgley na wenzake walipata jamii mpya ya gesi zilizokuja kuitwa Freon. Haziwaki, hazina sumu ya kawaida, hazinuki. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi hiyo mdomoni, akaipuliza kuzima mshumaa. Kwa pumzi moja alionyesha kwamba haiui na haiwaki. (Bwana huyu huyu ndiye aliyeleta wazo la kuweka risasi kwenye petroli, ile ambayo nchi za Kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Mtu mmoja, madhara mawili ya dunia nzima.) Gesi iliyoingia kwenye magari ilikuwa R-12, na ndiyo iliyotawala mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hapa ndipo mazoea yetu yalipozaliwa. Gesi ikiwa haina harufu, haina sumu na bei yake ni ya chini, kwa nini fundi asumbuke kutafuta tundu? Kujaza kulikuwa rahisi kuliko kutafuta. Na akitaka kubadilisha kompresa, alifungua bomba na kuiachia yote hewani. Msidhani haya yalikuwa mambo ya Afrika. Marekani kwenyewe ndivyo gereji zilivyofanya kazi kwa miongo kadhaa, na marufuku ya kuiachia gesi hewani ilianza kutumika mwaka 1992. Kwa hiyo fundi wa Nyarugusu anayesema "gesi imeisha" hakubuni ujinga wowote. Alirithi utaratibu uliokuwa halali duniani.

Waliotaka kutafuta tundu walikuwa na chombo kizuri sana, na mimi nilipokijua nilibaki nimetoa macho: taa yenye ndimi ndogo ya moto inayopasha kipande cha shaba. Kampira kake kalipitishwa polepole kwenye viungo vya mabomba kikinyonya hewa. Ikinyonya R-12, klorini iliyomo kwenye gesi inakutana na shaba ya moto, na ule mwali unageuka kijani. Tundu limeonekana! Ubaya wake ni kwamba gesi ikipita kwenye moto inatoa moshi wenye sumu. Lakini kwa kizazi kizima cha mafundi, kijani kilikuwa lugha ya uvujaji.

Kisha ukaja mwaka 1974. Mario Molina na Sherwood Rowland walichapisha utafiti kwamba gesi hizi, kwa kuwa hazioi wala haziungui, zinapanda polepole mpaka juu sana angani, huko mwanga mkali wa jua unazivunja, na klorini inayotoka inakula tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi ya jua. Walipingwa vikali na wenye viwanda. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakaripoti kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa inapungua vibaya kila majira ya kuchipua. Mwaka huo huo ukasainiwa Mkataba wa Vienna, na mwaka 1987 Itifaki ya Montreal. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Nobel ya kemia mwaka 1995.

Hebu tafakari hapo. Gesi yote iliyowahi "kuisha" kwenye magari ya dunia haikuwa imeisha. Ilikuwa safarini kwenda juu. Neno la gereji lilikuwa limeficha jambo ambalo kemia ilikuja kulifichua: hakuna kilichoisha, kimehama tu.

Sasa turudi nyumbani. Tanganyika na baadaye Tanzania ya zamani haikuwa na shida hii kwa sababu AC zenyewe kwenye magari zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Land Rover za serikali zilikuwa na vile vifuniko chini ya kioo cha mbele, unavifungua upepo unaingia na vumbi linaingia. Peugeot 404 na 504 za wakubwa zilikuwa na vioo vya kushusha kwa mkono. Halafu mwaka 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi. Mlango ukafunguka. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika, na mengi yalikuja na kitufe kidogo kilichoandikwa A/C.

Yalikuja wakati mbaya kabisa. Viwanda vya magari ndiyo vilikuwa vinahama kutoka R-12 kwenda R-134a, gesi isiyo na klorini na hivyo isiyogusa ozoni. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 kwa matumizi ya kawaida ifikapo 1996. Nchi zinazoendelea zilipewa muda mpaka Januari 1, 2010. Tanzania iliridhia Vienna na Montreal mwaka 1993, na kanuni za kudhibiti gesi zinazomomonyoa ozoni zikatoka mwaka 2007 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Maana yake kwa zaidi ya miaka kumi fundi mmoja, chini ya mwembe mmoja, alikuwa akiletewa magari ya gesi mbili zisizoelewana.

Na kutoelewana kwenyewe siyo kwa maneno tu. Mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Mafuta ya zamani ya R-12 hayachanganyiki na R-134a, kwa hiyo ukijaza gesi mpya kwenye mfumo wa zamani bila kubadilisha mafuta, kompresa inakauka na kujisaga yenyewe. Midomo ya kujazia ilifanywa tofauti makusudi ili mtu asikosee, na mafundi wetu, kwa ubunifu wao, wakatafuta viunganishi. Lakini kubwa kuliko yote ni ile taa. R-134a haina klorini. Unapitisha kampira kwenye tundu linalovuja mchana kweupe na moto haugeuki kijani. Chombo cha miaka yote kikawa kipofu kwa siku moja, na vile vya kuchukua nafasi yake, yaani vifaa vya kielektroniki vya kunusa na rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, vilikuwa ghali. Kilichobaki mkononi kwa bei nafuu ni povu la sabuni na mtungi wa gesi. Unategemea nini? Ikabaki sentensi ile ile.

Nyarugusu kuna fundi mmoja, mtu mzima, ambaye nimezoea kupita kwake hata kama sina gari. Jina silitaji kwa kuwa hakuniruhusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwandishi. Leo umeleta gari au umeleta maswali?"

"Maswali tu, mzee wangu."

"Basi kaa. Maswali hayahitaji gesi."

Nilichojifunza kwake ni kwamba anauliza kabla ya kushika chochote. AC imekufa ghafla au polepole? Kama jana ilikuwa baridi na leo hakuna kitu, anaanza na umeme: fyuzi, rilei, waya, klachi ya kompresa. Anawasha AC na kusikiliza kama klachi inashika, "tak". Kama baridi imepungua wiki hadi wiki, hapo anashuku uvujaji. Na klachi kutoshika siyo lazima iwe umeme mbovu, kwa sababu magari mengi yana swichi ya presha inayoizuia kompresa isifanye kazi gesi ikiwa kidogo sana, maana gesi ikikosekana na mafuta hayazunguki.

Swali la pili: baridi inapatikana ukiwa unatembea lakini ukisimama inakuwa moto? Hapo gesi inaweza kuwa timamu kabisa. Gari likitembea, upepo wa barabarani unapoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Feni ikiwa imekufa, au kondensa ikiwa imezibwa na vumbi lililochanganyika na mvua likawa kama plasta, joto halina pa kwenda. Kule Nyarugusu hili lipo sana. Fundi asiyeuliza anaongeza gesi, presha inapanda zaidi, baridi inazidi kupungua, na siku moja kompresa au bomba linaachia. Dawa halisi ilikuwa maji ya bomba na brashi laini.

Tatu: hewa inatoka baridi lakini kidogo, hata feni ikiwa namba nne? Angalia filta ya hewa ya ndani na evaporeta. Nimeona filta imetolewa kwenye gari la machimboni, ukiigonga chini unaweza kudhani ni kifusi cha duara. Nne: maji yanamwagika miguuni kwa abiria? Hilo ni bomba la kutolea maji limeziba, halihusiani na gesi hata chembe.

Na kuhusu tundu lenyewe, mzee huyu ana mbinu inayofaa sana kwenye vumbi letu. Gesi inapovuja mara nyingi inatoka na mafuta kidogo, na mafuta yanakamata vumbi. Kwa hiyo anakagua viungo vyote, na panapokuwa na kidonda cheusi chenye unyevu wakati pengine pote pana vumbi kavu, hapo ndipo anapopaka povu la sabuni. Vumbi lile lile linaloua AC linamwonyesha jeraha lilipo.

Halafu kuna geji, na hapa naomba wasomaji mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo watu wengi wanapopigwa. Gari likiwa limezimwa muda mrefu, geji zote mbili husoma sawa. Kwa R-134a kwenye joto la nyuzi 25 ni karibu psi 80. Watu wanadhani namba hiyo inaonyesha kiasi cha gesi. Haionyeshi! Fikiria mtungi wa gesi ya kupikia: presha yake haibadiliki sana ukiwa umejaa au umebaki robo, ndiyo maana unazimika ghafla maharage yakiwa bado magumu. Kadiri kuna maji ya gesi ndani, presha inafuata joto, siyo wingi. Kiasi sahihi kinajulikana kwa njia moja ya uhakika: kunyonya gesi yote, kisha kujaza kwa kupima kwenye mizani gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari mengi madogo yanachukua kati ya gramu 400 na 800, na kila gari na kiasi chake.

Huwa nacheka nikifikiria hili. Nyarugusu ni mji ambao dhahabu inapimwa mpaka sehemu ya kumi ya gramu, na watu wanakodoleana macho juu ya mizani kama waamuzi wa mpira. Hatua chache kutoka hapo, gesi inamiminwa kwa macho.

Jambo jingine la kwetu kabisa ni urefu kutoka usawa wa bahari. Kabla ya kujaza, fundi makini hunyonya hewa na unyevu kwa pampu mpaka geji inashuka chini ya sifuri. Kipimo kinahesabiwa kwa inchi za zebaki. Ndiyo, zebaki, ile ile inayotumika mialoni kukamatia dhahabu, kwa sababu Torricelli alipima uzito wa hewa kwa bomba la zebaki karne ya 17. Vitabu vinasema ifike karibu inchi 29. Lakini vitabu viliandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe lipo zaidi ya mita 1,100 juu, na Nyarugusu ipo juu ya ziwa. Kwa mita kama 1,200 hewa yote iliyopo inasukuma takriban inchi 26 tu. Fundi aliyefundishwa Dar akifika huku na kuona sindano imegoma kwenye 26 atalaumu pampu, au atasema pana tundu wakati hakuna. Sindano ikifika hapo na kutulia baada ya pampu kuzimwa, ni dalili njema. Ikirudi nyuma, tafuta.

Na kuna hatari inayozidi pesa. Gesi rasmi inapokuwa ghali, ya bandia inaingia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka bandarini na kuua wafanyakazi, na uchunguzi ukahusisha gesi bandia yenye methili kloridi, ile ile ya majokofu ya kale, iliyojazwa wakati wa matengenezo Vietnam. Methili kloridi ikikutana na aluminiamu inatengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa. Kompresa na mabomba ya AC ya gari yamejaa aluminiamu. Kwa hiyo "jaza tu yoyote iliyopo" siyo maneno ya kuchekea.

Nikiitafakari historia yote hii naona inafanana na ya homa. Tulipokuwa watoto, homa ilikuwa malaria. Mwili ukichemka unameza dawa, kwisha. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na vipimo vya haraka vikasambaa mpaka zahanati za vijijini. Tukagundua homa nyingi hazikuwa malaria. Ubongo wetu ulibadilika, hata bibi kijijini sasa anauliza, "Umepima?" Gereji bado hatujafika huko. AC ya moto bado ni gesi, kama homa ilivyokuwa malaria.

Na safari hii tena dunia inatusubiri, na mara hii mkutano ulifanyika jirani. R-134a haigusi ozoni, lakini inashika joto la dunia zaidi ya mara 1,000 ukilinganisha na uzito ule ule wa hewa ya ukaa. Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, mji ulio karibu na Geita kuliko Dar es Salaam ilivyo, zikakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Marekebisho ya Kigali yakaanza kutumika Januari 1, 2019. Umoja wa Ulaya ulishakataza R-134a kwenye magari madogo mapya tangu 2017. Gesi inayochukua nafasi yake, R-1234yf, inaweza kuwaka na bei yake inauma. Magari yenye gesi hiyo yanazidi kuzeeka huko yaliko, na magari yakizeeka tunajua yanapokuja. Itakuwa miaka ya 1990 kwa mara ya pili: gesi mbili, mwembe mmoja.

Montreal ilifanikiwa. Tathmini ya wanasayansi iliyotolewa Januari 2023 inasema ozoni juu ya sehemu kubwa ya dunia itarudi kwenye hali ya 1980 kufikia takriban 2040, na juu ya Antaktika takriban 2066. Hilo lilitokea kwa sababu watu walikubali kwamba kinachopotea kwenye bomba hakijapotea, kipo mahali. Wakaenda kukitafuta.

Sisi tusio wanasayansi kazi yetu ni ndogo zaidi, na inaanza na swali moja kwenye gereji. Safari nyingine fundi akikwambia gesi imeisha, usigombane naye, maana ni sentensi aliyorithi. Muulize kwa upole tu: "Sawa fundi, imetokea wapi?" Kama hana jibu, usilipie jibu.